Mmoja Anasoma, Mwingine Anafuata: Ndoa Inapohamia Ujerumani



Somo letu la mwezi huu limezaliwa na barua. Aliyetuandikia ni dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Mume wake, mwenye umri wa miaka 33, amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja nchini Ujerumani kusomea shahada ya uzamili katika uhandisi, masomo ya miaka miwili. Mume anataka familia nzima iende. "Kila mtu anashangilia," anaandika dada huyu. "Mama mkwe amekwisha kuninunulia sanduku la safari. Jumuiya yetu ndogo imetuombea. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ninakwenda kufanya nini huko. Je, nikisema ninaogopa, nitakuwa mke mbaya?"

Hapana, dada yetu, hutakuwa mke mbaya. Swali lako ndilo ambalo mume wako, wazazi wenu na hata sisi wa Kanisa tulipaswa kukuuliza kabla sanduku halijanunuliwa. Na kwa kuwa nyumba nyingi sasa zinalikabili jambo hili, hasa tangu serikali za Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, tumeona heri tukujibu hadharani, bila kutaja jina lako wala parokia yako.

KUFUATANA SI KUBEBWA

Tuanze na mafundisho ya Kanisa. Wenzi wa ndoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa pakiwa na sababu halali. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1151. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, Familiaris Consortio, alizitaja familia za wahamiaji miongoni mwa zile zinazohitaji uangalizi wa pekee wa wachungaji. Kwa hiyo mume anayesema "twendeni sote" amesema jambo jema. Afadhali yeye kuliko yule anayeaga uwanja wa ndege kwa machozi mengi, akarudi baada ya miaka sita akiwa mgeni kwa watoto wake mwenyewe.

Walakini kufuatana si kubebwa kama mzigo. Watazameni Priskila na Akwila katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Waliondoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi watoke Roma, wakafika Korintho wakiwa wageni. Hatusomi kwamba Akwila alishona mahema huku Priskila akikaa mlangoni kumngoja. Kazi ya mahema ilikuwa yao wote wawili, nyumba yao wote wawili, na Mtume Paulo alipohitaji mahali pa kukaa alipokewa nao wote wawili. Ugeni uliwakuta kila mmoja ana kitu mkononi.

Basi hilo ndilo tunalotaka kusema leo, na yanayofuata ni kulieleza tu. Anayekwenda kusoma ana sababu ya kuamka asubuhi. Anayemfuata naye lazima awe na sababu yake, nayo ijulikane kabla ya kupanda ndege.

JIONI INAYOANZA SAA KUMI

Hebu fikirini siku moja ya mwezi wa Desemba mjini Berlin. Mume anatoka saa moja asubuhi na kungali giza, kwani jua huchomoza baada ya saa mbili. Ana darasa, ana maabara, ana wenzake kutoka India na Nigeria wa kucheka nao mezani. Mke amebaki katika chumba kimoja na jiko. Mtoto mkubwa yuko shuleni. Majirani wapo, lakini si desturi yao kuingiliana nyumbani bila kupeana miadi. Hakuna mama mboga wa kusimama naye kidogo ukapata habari za mtaa. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa. Haijatimia saa kumi jioni jua limekwisha kutua. Mume akirejea saa mbili usiku amechoka kusema. Mke amechoka kunyamaza.

Hapo ndipo linapotoka neno ambalo limevunja nyumba nyingi: "Umeshinda hapa mchana kutwa, na chakula bado?"

Ndugu mume, kabla hujalisema neno hilo, kumbuka mke wako alikuwa nani. Nyumbani alikuwa Mwalimu. Wazazi walimwamkia barabarani. Alikuwa na mshahara wake, chama chake cha kina mama cha kila mwezi, na nafasi yake katika kwaya. Ujerumani, kwenye karatasi zote anazotia sahihi, yeye ni mke wa mwanafunzi. Unapomwona analia bila sababu, sababu ndiyo hiyo. Nawe usimjibu kwamba wewe pia unateseka. Ni kweli unateseka, lakini mateso yako yana cheti mwishoni.

Kwa upande wake, mke asiyageuze machozi kuwa hesabu ya kumdai mumewe. Wako wake ambao kila mtihani wa mume hukutana na ugomvi usiku uliotangulia, na hilo nalo si haki. Wekeni saa moja kwa juma, tuseme Jumamosi baada ya kifungua kinywa, ya kuambiana yaliyo mabaya. Siku nyingine zipumzike.

ULIMI WA NYUMBA

Jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka wamefika ni hili. Masomo mengi ya uzamili yanayowavuta Wakenya Ujerumani hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aweza kumaliza miaka yake miwili akijua salamu tu na jina la kituo cha treni. Lakini daktari wa mtoto, mwalimu wa chekechea, karani wa manispaa, na zile barua za bima zisizokwisha katika sanduku la posta, yote hayo ni Kijerumani. Sasa nani atakuwa ulimi wa nyumba? Mara nyingi mwenye nafasi ya kujifunza ni yule yule aliyefuata. Akijifunza, mambo hugeuka. Mume mwenye shahada ndiye atakayemwuliza mkewe, "Barua hii inasemaje?" Tumewaona kina mama waliosimama wima tena siku walipoweza kubishana na karani kwa lugha yake.

Kwa kawaida ubalozi humtaka mwenzi anayefuata awe na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, iitwayo A1. Wako wanaosamehewa, kwa mfano baadhi ya wenye shahada, na hilo mliulize ubalozini. Lakini hata ukisamehewa, usijisamehe. A1 ni lugha ya kujitambulisha na kununua mkate. Ukitaka kazi ya maana utahitaji B1 au B2. Goethe-Institut iko Nairobi tangu mwaka 1963, na huko Ujerumani karibu kila mji una shule ya watu wazima, Volkshochschule, ambayo karo yake ni nafuu kuliko ya shule za binafsi. Maoni yetu ni kwamba karo ya lugha ya anayefuata iingizwe katika bajeti ya safari pamoja na nauli. Isipoingizwa mwanzoni, huwa haipatikani tena.

Kuhusu kazi, sheria huwashangaza wengi. Mwanafunzi kutoka nchi kama yetu, tangu Machi 2024, anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au siku 280 za nusu kwa mwaka, basi. Lakini mwenzi aliyeingia kwa kibali cha familia anaweza kufanya kazi bila mpaka huo. Kwa hiyo hutokea kwamba aliyekwenda kama mfuasi ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Mwalimu wetu ajue mapema kwamba cheti chake cha ualimu hakitamfungulia mlango wa darasa la serikali kwa urahisi. Njia ni ndefu, na hupita katika Kijerumani cha hali ya juu. Nesi ana njia iliyo wazi zaidi, ila naye lazima vyeti vyake vitambuliwe rasmi, na kwa kawaida hutakiwa B2. Iko pia njia ya kuanza upya kwa mafunzo ya kazi yanayolipwa posho, yaitwayo Ausbildung. Ya uuguzi huchukua miaka mitatu. Miaka mitatu, angalieni, na masomo ya mume ni miwili. Hilo peke yake ni mazungumzo ya jioni nzima.

Mke akisafisha ofisi za watu alfajiri ili mume asome, hiyo ni sadaka ya kweli ya ndoa. Lakini sadaka isiyo na mwisho hugeuka uchungu. Kubalianeni: mume akimaliza, zamu ni ya nani?

MIAKA MIWILI SI MIWILI

Hapa tuseme wazi, kwa kuwa wazazi hudanganywa na wenzi hujidanganya. Aliyehitimu chuo kikuu huko hupewa nafasi ya hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na masomo yake. Karibu kila mmoja huitumia. Ongeza muhula mmoja wa tasnifu iliyochelewa, ongeza kazi ya kwanza, ongeza mtoto aliyezoea shule. "Miaka miwili" imekuwa mitano. Sisi hatusemi ni vibaya. Tunasema isiwe siri ya mmoja. Kama moyoni mwako, ndugu mume, huna nia ya kurudi, mwambie mkeo leo, angali na kazi yake mkononi.

KARATASI NA FEDHA

Kabla ya yote, hakikisheni mna cheti cha ndoa cha Serikali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, hata ya kimila. Wanaoishi pamoja tu, hata kwa miaka kumi na watoto watatu, mbele ya ubalozi hawana ndoa. Na ndoa iliyofungwa kabla mwanafunzi hajapata kibali chake huwa na njia nyepesi kuliko iliyofungwa baadaye. Mapadre wengi wangefurahi kuona safari ya Ulaya ikiwafanya watu wabariki ndoa zao, ingawa wangependa sababu iwe bora kidogo!

Mwanafunzi hutakiwa kuonyesha ana fedha za kujitunza. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Huwekwa katika akaunti iliyofungwa, naye huruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Hizo ni za mwanafunzi peke yake. Mke na watoto huhesabiwa juu yake, na nyumba nayo huangaliwa kama inawatosha. Chumba cha bweni hakitoshi familia. Kwa sababu hii wengi hupanga mmoja atangulie, atafute nyumba, kisha familia ifuate, na kungoja viza ya familia kwaweza kuwa kwa miezi mingi. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza karo kubwa zaidi mwaka 2024.

Bima ya afya nayo isisahauliwe, hasa kwako dada yetu. Mwanafunzi aliye katika bima ya umma humchukua mkewe asiye na kipato na watoto bila malipo ya ziada. Lakini bei ya wanafunzi huishia umri wa miaka 30. Mume wako ana 33. Wengi wa umri wake hujikuta katika bima za binafsi, ambako kila kichwa hulipiwa, mtoto hali kadhalika. Jambo hili liulizwe chuoni, kwa maandishi, kabla ya tiketi kununuliwa.

Tena kuna harambee. Safari nyingi za masomo hulipiwa na wajomba, wanajumuiya, na shamba lililowekwa rehani. Hakuna ubaya, ila fedha ya harambee ina masikio. Mwezi wa pili tu simu huanza: fulani amelazwa, fulani ametumwa nyumbani kwa karo, na ninyi mko Ulaya. Mume hutuma kwa siri kwa upande wake, mke akipata kazi hutuma kwa siri kwa upande wake, na kodi ya nyumba haijalipwa. Kubalianeni kiasi kimoja, kidogo, cha kila upande, mwambie kila upande mwenyewe, na baada ya hapo jibu la "hatuna" litoke kinywani mwa yule ambaye ndugu ni wake. Usimtume mkeo kumnyima mama yako.

MUME ANAPOMFUATA MKE

Siku hizi wako kina dada wengi wanaopata nafasi za masomo kuliko waume zao, na tusipolizungumzia hili tutakuwa tumesoma nusu ya somo. Mume anayemfuata mke hubeba mzigo ambao wake hawaubebi: kijiji kizima humcheka. "Ameolewa," husema. Naye, akiwa huko, humpeleka mtoto chekechea, hupika, hungoja. Wengine hukunja uso mwaka mzima. Wengine hutafuta kilevi. Wengine huanza kumwamrisha mke katika mambo madogo madogo ili waonekane bado ni vichwa vya nyumba.

Ndugu mume, huko uendako baba akisukuma kigari cha mtoto barabarani hakuna anayegeuka kumtazama. Mtakatifu Yosefu alimchukua Mama na Mtoto akahamia Misri kwa ajili ya uhai wa Mtoto, wala hatusomi kwamba aliuliza wanakijiji wa Nazareti watasema nini. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliianza barua yake ya mwaka 1952 juu ya wahamiaji kwa familia hiyo hiyo ya Nazareti ugenini. Pia mke mwanafunzi ajihadhari na ulimi wake. Kusema mbele ya wageni "mume wangu hafanyi kazi" ni tofauti na kusema "mume wangu anajifunza Kijerumani, nasi tunalea pamoja." Habari ni ile ile, lakini mtu mmoja ameinuka na mwingine ameanguka.

DINI YENU KATIKA FOMU

Mkishapata nyumba, mnatakiwa kujiandikisha kwa manispaa ndani ya majuma mawili. Katika fomu hiyo mtaulizwa dini. Hapa ndipo Wakenya wenzenu watakapowanong'oneza: "Andika huna dini, usije ukakatwa kodi."

Sikilizeni vizuri. Ni kweli kwamba Ujerumani Kanisa Katoliki hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa kodi ya Kanisa inayokusanywa na serikali. Kodi hiyo ni asilimia 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Lakini ni asilimia ya kodi ya mapato. Haihesabiwi juu ya mshahara. Aliyekatwa kodi ya mapato euro 100 hutoa euro 8 au 9 kwa Kanisa. Asiyelipa kodi ya mapato kwa kuwa kipato chake ni kidogo, kama wanafunzi wengi walivyo, hakatwi kitu. Kwa ajili ya hofu ya kitu ambacho pengine hakitakugusa, unaandika kwa mkono wako kwamba humjui Kristo?

Na aliyeandikishwa Mkatoliki kisha akaenda ofisini kujiondoa, ajue maaskofu wa Ujerumani walitoa tamko mwezi wa Septemba 2012 kwamba mtu huyo hawezi kupokea Kitubio, Ekaristi wala Mpako wa Wagonjwa, isipokuwa katika hatari ya kufa, wala hawezi kuwa msimamizi wa ubatizo. Tumesikia mama aliyegundua mumewe amejiondoa kimya kimya ili waokoe euro chache, wakati mtoto wao anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Ugomvi uliofuata haukuwa wa fedha.

Msishangae makanisa mkiyakuta na viti vitupu. Mwaka 2024 peke yake Wakatoliki zaidi ya 320,000 walijiondoa katika Kanisa huko, na waliobaki walikuwa chini ya milioni 20. Katika miji ya mashariki kama Leipzig na Jena, Wakatoliki ni wachache sana. Lakini miji mingi ya vyuo ina jumuiya ya Kikatoliki ya wanafunzi, na katika miji mikubwa kuna Misa za Kiingereza. Tafuteni Misa juma la kwanza, kabla hamjazoea kulala Jumapili. Na huyu anayefuata aingie kwaya au kikundi cha kina mama hata kama haelewi nusu ya maneno. Wengi wamepata rafiki wao wa kwanza pale.

NENO ZITO KIDOGO

Kibali cha mwenzi aliyekuja kwa ajili ya ndoa husimama juu ya ndoa hiyo. Kwa kawaida ni baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja huko ndipo aweza kupata kibali cha kujitegemea. Wako watu wanaoligeuza jambo hili kuwa fimbo: "Ukinijibu, nitakurudisha Kenya." Dada, hakuna mume mwenye mamlaka ya kumrudisha mtu, hiyo ni kazi ya ofisi ya serikali, na sheria yenyewe huipunguza miaka hiyo mitatu pakiwa na mateso, kama vile kupigwa. Pasipoti yako kaa nayo mwenyewe. Iko simu ya msaada kwa wanawake wanaodhulumiwa, nambari 116 016, bila malipo, usiku na mchana, na Kiingereza hutumika. Kanisa nalo halimlazimishi mtu kubaki hatarini: kanuni ya 1153 humruhusu kuondoka mwenzi ambaye yeye au watoto wake wamo katika hatari kubwa ya mwili au roho. Nao watoto, tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inawapa haki ya kulelewa bila kipigo. Wazazi wote wawili walijue hilo kabla mwalimu wa shule hajawaita.

NA AKIBAKI?

Pengine baada ya mazungumzo yote mtaona ni afadhali mke abaki na watoto. Sababu halali yaweza kuwapo: mzazi mgonjwa, mtoto aliye karibu na mtihani, fedha zisizotosha bima ya watu wanne. Tusimhukumu mtu. Ila utengano uwe na tarehe. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho wa kwanza sura ya 7, aliwataka wenzi wasinyimane isipokuwa kwa kupatana na kwa muda, naye hakusema muda wa miaka mitano. Viza ya matembezi ya Schengen huruhusu hadi siku 90 katika kila siku 180. Likizo ndefu za shule zaweza kutumika. Simu ya video kila jioni ni njema, lakini isimamiwe na heshima: isiwe ya kupelelezana nani yuko nyuma ya pazia.

ZOEZI

Kila mmoja achukue karatasi yake, aketi mbali na mwenzake. Aandike: Mwenzangu anayefuata ataamka asubuhi ya siku ya thelathini kufanya nini? Karo yake ya lugha itatoka wapi? Tarehe ya kurudi ni ipi, na tusiporudi nani ataamua? Kitu gani nitakachopoteza ambacho sijamwambia? Kisha badilishaneni karatasi, msome kimya, na usiku huo msijibizane. Jibuni kesho yake. Mkishindwa, mwendeeni paroko, au wasimamizi wenu wa ndoa, ambao wengi wetu huwasahau tangu siku ya keki.

Nawe dada yetu mwalimu: barua ya kujiuzulu usiiandike bado. Andika kwanza nyingine, ukimwuliza mwajiri wako kama iko likizo isiyo na malipo kwa anayemfuata mwenzi wake masomoni, na udai jibu la maandishi. Mpe mume wako aisome kabla hujaituma. Sanduku la mama mkwe lipokee kwa shukrani, uliweke juu ya kabati. Tuandikie tena jibu likija.